Saladi inanyauka na mizizi imo majini: poza maji kwanza, kiyoyozi kisubiri

Swali: Assalaam alaykum mtaalamu. Nipo Nguvumali, Tanga. Chumba cha uani, futi 10 kwa 12, nimekigeuza shamba la saladi, nalima kwa maji bila udongo. Nina mabomba manne ya PVC ya inchi 4, kila moja mita 3, tangi la lita 100 chini yake, pampu ya kuzamisha ya wati 40 inayozungusha maji mchana na usiku, na taa za LED za wati 300 ninazowasha saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Tangu kaskazi ishike, ikifika saa nane mchana saladi zinalala, ilhali mizizi imo majini. Mizizi imegeuka kahawia. Nilidhani ni njaa, nikaongeza mbolea hadi EC (kipimo cha mbolea na chumvi zilizoyeyuka majini) ikafika 2.4, hali ikazidi kuharibika. Je, ninunue kiyoyozi?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada. Kiyoyozi usinunue bado. Kinachokusumbua kipo chini ya majani, na kupoza maji ni rahisi kuliko kupoza chumba kizima chenye taa za wati 300 ndani yake.

Kwanza tuelewe kwa nini mmea unakauka huku umesimama ndani ya maji. Mzizi unapumua, na unahitaji oksijeni iliyoyeyuka majini. Maji safi ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Yakifika 25 yanabeba 8.3, yakifika 30 yanabeba 7.5. Ukiishia hapo utasema upungufu ni mdogo. Tatizo ni kwamba joto hilohilo linauongezea mzizi haja ya kupumua: joto likipanda nyuzi 10, upumuaji hukaribia kuwa maradufu. Bakteria waliomo majini nao hivyo hivyo. Kwa hiyo akiba inapungua huku walaji wakiongeza njaa, na katikati ya bonge la mizizi, mahali maji yanapopita polepole, oksijeni inaisha kabisa. Seli za mzizi zikikosa oksijeni hufunga vijitundu vya kupitishia maji kwenye kuta zake. Maji yapo, mlango umefungwa. Juu, jani linaendelea kupoteza maji kwa joto la taa, na saa nane linalala.

Sasa utaona kwa nini mbolea iliongeza balaa. Chumvichumvi zikizidi, mzizi unatakiwa kuvuta kwa nguvu zaidi ili kupata maji yaleyale, na mzizi wako hauna nguvu. Wakati wa joto mimea hunywa maji mengi kuliko inavyochukua mbolea, hivyo EC hupanda yenyewe hata usipoongeza kitu. Kwa saladi, kipindi cha kaskazi, ishushe hadi 1.0 au 1.2, pH (kipimo cha uchachu wa maji) iwe 5.8 hadi 6.0, na kila siku jazia maji matupu. Kama unatumia maji ya kisima, pima EC yake kabla ya kuweka mbolea, kwani visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi. Kisima kinachosoma zaidi ya 0.8 hakifai kwa saladi wakati wa joto; kinga maji ya mvua uchanganye, au tumia ya bomba.

Kabla hujagusa kitu kingine, chunguza mzizi. Kahawia peke yake haitoshi kuhukumu, maana mbolea zenye chuma hupaka mizizi rangi ikabaki mizima. Shika mzizi mmoja katikati ya kidole gumba na cha shahada, uvute taratibu. Mzizi mzima unakataa, unakuwa mgumu na hauna harufu. Mzizi ulioliwa, ganda lake la nje linateleza na kubaki vidoleni likiwa na ute, na kinachobaki kwenye mmea ni uzi mwembamba mweupe. Nusa vidole: ukipata harufu ya tope la mtaro, hiyo ni Pythium. Kimelea hiki husambaa kwa mbegu ndogo zinazoogelea, na aina moja inayoitwa Pythium aphanidermatum inapenda zaidi maji ya nyuzi 30 na kuendelea. Kwa hiyo maji ya moto yanakuletea mambo mawili kwa pamoja: yanaudhoofisha mzizi na yanamnenepesha adui wake.

Pima joto la maji. Nunua kipimajoto kidogo cha kidijitali chenye waya na kichwa cha kuzamisha. Kichwa kiweke ndani ya bomba, katikati ya mizizi ya mche wa mwisho kabla maji hayajarudi tangini, kwani hapo ndipo yanapokuwa moto zaidi. Tangini utapata namba ya kujifariji. Soma mara tatu: alfajiri, saa nane mchana, na magharibi. Kwa chumba cha Tanga mwezi wa Januari usishangae ukikuta 31 au 32 mchana.

Lengo lako liwe nyuzi 24. Vitabu vingi vinataja 18 hadi 22, na kweli hapo saladi hufurahi, ila kufika huko kwenye hali yetu ni gharama ambayo faida yake ni ndogo. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio la saladi zinazoelea majini, hewa ikiwekwa kwenye nyuzi 17, 24 na 31. Maji yalipowekwa 24, saladi ya kuuzika ilipatikana hata hewa ilipokuwa 31. Singapore, kisiwa chenye joto na unyevu kama pwani yetu, tangu miaka ya 1990 wameonyesha kwamba saladi za nchi za baridi hukua majani yakiwa kwenye joto la mchana, mradi mizizi ipozwe. Hii ndiyo sababu nakuambia kiyoyozi kisubiri.

Sasa tuuangalie mtambo wako, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo fedha zinapopotelea.

Pampu ya kuzamisha: umeme wote inaokula huishia kuwa joto ndani ya maji. Wati 40 kwa saa 24, kwenye lita 100, zingetosha kuyapandisha maji nyuzi 8 kama joto lisingekuwa na pa kutokea. Yaani umeweka hita ndogo tangini na kuilipia umeme. Pampu ya hewa wengi wanaiogopa bure: ile ya lita 5 kwa dakika, ikivuta hewa ya chumbani, inaongeza wati moja au mbili tu.

Mabomba ndiyo balaa kubwa zaidi. Mabomba manne ya inchi 4, mita 3 kila moja, yana ngozi ya takriban mita 4 za mraba inayogusana na hewa. Ndani maji ni utando mwembamba. Hiyo ni rejeta ya gari inayofanya kazi kinyume: badala ya kutoa joto nje inalivuta ndani. Hewa ikiwa 31 na maji ukitaka 24, mabomba peke yake yatayarudishia maji karibu wati 200. Ukiweka barafu tangini, utakuwa unapoza chumba kupitia mabomba, na jioni barafu imeisha na mizizi bado ina homa. Mfumo wa maji membamba ulitungwa kwa nchi ambako hewa ni ya baridi. Kwa chumba kisicho na kiyoyozi Tanga, siupendekezi kwa mtu yeyote.

Badilisha uwe bwawa la kuelea. Tengeneza kasha la mbao lenye nafasi ya ndani ya sentimita 130 kwa 130, kina sentimita 30, ili povu la pembeni likishaingia maji yapate 120 kwa 120. Sakafuni na pembeni panga vipande vya lile povu gumu jeupe linalotengenezewa maboksi ya kubebea samaki, unene sentimita 5. Usihofu uzito, litabeba. Maji ya kina cha sentimita 20 ni kilo 200 kwa mita ya mraba, imegawanyika sawasawa. Juu ya povu tandika nailoni nzito nyeusi, ile ya kuwekea mabwawa, bila kuikata kwenye kona: ikunje. Jaza maji sentimita 20, itakuwa lita 288. Juu yake elea povu la sentimita 2.5 hadi 5, lililotobolewa matundu kila sentimita 20. Utapata miche 36. Upande wa juu wa povu uwe mweupe ili urudishe mwanga, na usiache pengo ambapo mwanga wa taa unapiga maji, kwa sababu mwani utaota na kugombania oksijeni taa zikizimwa. Weka mawe ya hewa manne yaliyounganishwa na pampu ya hewa, moja kila robo ya kasha. Pampu ya kuzamisha itoe kabisa, mawe ya hewa yanatosha kuyachanganya maji.

Kasha hilo likiwa limefunikwa vizuri, joto linaloingia hushuka hadi wati 40 au 50, pamoja na sehemu inayotoka kwenye taa. Hapo sasa barafu ina maana. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka na kupanda hadi nyuzi 24 inameza takriban kilojuli 434. Wati 45 kwa siku nzima ni kilojuli 3,900 hivi, yaani kilo 9 za barafu: chupa 6 za maji za lita moja na nusu. Friza ya nyumbani inaweza kuzigandisha kwa siku, na ukiwa na chupa 12 utazungusha sita ndani, sita kwenye friza. Jaza chupa hadi mabegani, usijaze hadi shingoni, zitapasuka. Zisugue kwa sabuni, suuza, na usifungue kifuniko ndani ya bwawa. Barafu tupu usitupe majini: inazimua mbolea, na ile ya mabonge ya wavuvi inaweza kuja na chumvi na magamba. Chupa moja inashusha lita 288 kwa takriban nusu nyuzi, hivyo hakuna hatari ya kuishtua mizizi. Weka mbili saa nne asubuhi, mbili saa nane, mbili saa mbili usiku, kisha rekebisha kulingana na kipimajoto. Friza yenyewe isikae chumba hicho, maana joto inalolitoa kwenye chupa linatokea mgongoni mwake.

Ukichoka na chupa, kuna mashine ndogo za kupoza maji za matangi ya samaki wa mapambo. Ya moja ya kumi ya nguvu ya farasi inatosha na kubaki kwa kasha hili, na hata mawili. Yenyewe ikae nje ya ukuta, mipira ya maji ipitie tundu, uivike sponji. Watu wengine huzungusha mpira mrefu ndani ya friza wakidhani wamepata mashine ya bei rahisi. Haifanyi kazi: plastiki hupitisha joto kwa shida, hewa ya ndani ya friza nayo pia, na kompresa itazunguka bila kupumzika mpaka ife.

Kuna njia mbili za asili ambazo lazima utaambiwa ujaribu, na zote zina mpaka wake. Ya kwanza ni kupoza kwa uvukizi, kama mtungi wa maji au kitambaa kibichi na feni. Uvukizi hauwezi kushusha maji chini ya joto ambalo hewa yenyewe inaruhusu kulingana na unyevu wake. Dodoma, hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 35 inaruhusu ufike karibu 20. Tanga, 31 na unyevu wa asilimia 75, mwisho wako ni 27. Njia ya pili ni kufukia tangi ardhini. Ardhi ya kina cha mita kadhaa hukaribia wastani wa joto la mwaka mzima, ambao kwa Tanga ni 26 au 27. Kufukia kutakuondolea kilele cha mchana, ni bora kuliko tangi la juani, lakini hakukufikishi 24. Kama huwezi kupata barafu wala mashine, fikisha hapo 27 kwa kasha la povu, kisha badili zao: rehani hukua vizuri kwenye maji ya 27 na 28, mchicha ndiyo kabisa hauna deko.

Maji ya kujazia yachote alfajiri. Tangi jeusi la juu ya bati, saa nane mchana linakupa maji ya kuogea mzazi. Ukijaza bwawa kwa mara ya kwanza alfajiri, kwa maji ya nyuzi 26 au 27, utahitaji kilo 7 tu za barafu kufika 24. Ukijaza mchana kwa maji ya 30 utahitaji karibu 17.

Taa zigeuze ziwake usiku. Taa ya wati 300 ni hita ya wati 300, karibu umeme wote huishia kuwa joto chumbani, na wewe unaiwasha wakati jua linapasha bati. Washa saa 12 jioni, zima saa 2 asubuhi. Saa 14 zinaitosha saladi wakati huu, 16 ni kuisukuma bure. Mimea haijui usiku ni wa nani, mradi mchana hakuna mwanga unaoingia dirishani. Faida nyingine: jani litafanya kazi hewa ikiwa 25 au 26, na chupa zako zitatumika mchana wakati mmea umepumzika. Ubaya wake ni unyevu. Chumba kilichofungwa usiku wa Tanga kitajaa mvuke, jani halitavukiza, na kalisi haitafika kwenye majani machanga ya katikati. Ncha zake zitaungua kahawia. Weka feni ya mezani ikivuma kwa upole juu ya majani, yatikisike kidogo tu, na feni nyingine ndogo ukutani ya kutoa hewa nje.

Kuhusu mizizi iliyooza: mche uliopoteza zaidi ya nusu ya mizizi ng'oa. Najua inauma, lakini unasambaza ugonjwa. Iliyobaki, kata mizizi yenye ute, suuza kwa maji safi yaliyopoa, hamishia kwenye bwawa jipya. Ndani ya siku nne au tano uone vincha vyeupe vikitoka. Visipotoka, itoe nayo. Mabomba na tangi la zamani, kabla ya kuvitumia tena kwa lolote, osha kwa dawa ya klorini ya kufulia ya asilimia 3.5, mililita 15 kwa kila lita ya maji, acha nusu saa, suuza mara tatu. Dawa hiyo usiikutanishe kamwe na asidi unayoshushia pH: gesi ya klorini inayotoka inaunguza mapafu, na chumba chako ni kidogo. Haidrojeni peroksaidi inayopendekezwa sana husafisha maji kwa saa chache kisha inakwisha, huku ikiua na vijidudu rafiki. Ukitaka kutumia Trichoderma, kuvu rafiki wa kulinda mizizi, iweke kwenye miche mizima mapema, na isikutane na peroksaidi wala klorini. Haiponyi mzizi uliokwisha oza.

Umeme ukikatika ndipo bwawa litakapokulipa. Kwenye mabomba membamba mizizi huanza kukauka ndani ya saa moja au mbili. Lita 288 ndani ya povu hupanda joto polepole sana, na jambo lililobaki ni oksijeni tu. Pampu ya hewa inayotumia betri ya volti 12 inamaliza tatizo. Ukiwa huna, inua povu uliegemeze kwenye vipande vya mbao ili sentimita 3 hadi 5 za juu za mizizi zibaki kwenye hewa yenye mvuke. Sehemu hiyo huvuta oksijeni moja kwa moja hewani. Hakikisha tu ncha za chini bado zimo majini.

Mwisho, mbegu. Utataka kupanda upya, na huenda ukakuta hazioti ukadhani duka limekuuzia mbegu mbovu. Mbegu nyingi za saladi zikilowana kwenye joto la zaidi ya nyuzi 28 hadi 30 hujifunga na kulala. Saa 24 za mwanzo ndizo zinazoamua. Zilowanishe jioni kwenye sponji, weka trei ndani ya boksi la samaki pamoja na chupa mbili za barafu zilizofungwa kitambaa, badilisha chupa asubuhi. Tafuta aina za majani yaliyofumbuka au za Batavia, ambazo zinavumilia joto kuliko zile za kufunga kichwa kama kabichi. Ukiona ncha nyeupe ya mzizi, kwa kawaida siku ya pili, toa trei uiweke chini ya taa siku hiyohiyo, kwani mche ukikaa gizani hata usiku mmoja zaidi hurefuka shingo na hautasimama vizuri kwenye povu.